Bei ya Fahari: Unguja, Monaco na Mwaka 1861

Mwulize mwanafunzi yeyote hapa chuoni akutajie nchi ndogo ya pwani yenye kasri linalotazama maji, ukoo mmoja wa watawala na wageni matajiri wanaoshuka melini. Atakujibu Monaco. Ameiona kwenye filamu, na kama hapendi filamu basi ameiona kwenye mbio za magari. Mwulize bibi yake kule Tanga au Mombasa swali hilohilo, na huenda akajibu Unguja. Makala haya yanamfuata bibi, lakini hayamwachi mjukuu nyuma, kwa sababu nchi hizi mbili zina mengi ya kuelezana.

Monaco ina ukubwa wa kilomita za mraba mbili tu. Hata hivyo ina bendera yake, mtawala wake na kiti chake katika Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1993. Zanzibar nayo iliwahi kukaa kwenye kiti hicho, miaka 30 kabla ya Monaco, ikakikalia kwa miezi michache tu. Leo makasri ya masultani wake ni magofu, makumbusho, au majengo yanayosubiri fundi. Kwa nini mmoja alibaki na mwingine akaondoka? Wapo wanaosema ni bahati. Wengine husema ni Waingereza, na hawakosei sana. Lakini tunadhani majengo yenyewe yana jibu lililokamilika zaidi, mradi kila tunapofika tuyaulize maswali mawili: nani aliruhusu jengo hili lisimame, na nani aliligharimia?

Miezi miwili ya mwaka 1861

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake Unguja takriban mwaka 1840. Alipofariki baharini mwaka 1856, akiwa safarini kurudi kutoka Omani, aliacha nchi mbili zilizotenganishwa na bahari, na wanawe wakagombana. Thuwaini alikuwa Maskati na Majid Unguja. Aliyeamua ugomvi wao hakuwa kadhi wala mzee wa ukoo. Alikuwa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India. Tarehe 2 Aprili 1861 aliamua kwamba Zanzibar ijitenge na Omani, na kwamba Majid amlipe nduguye reale 40,000 kila mwaka.

Miezi miwili kamili kabla ya hapo, tarehe 2 Februari 1861, mtawala wa Monaco, Charles wa Tatu, alitia saini mkataba na Ufaransa. Miji yake miwili, Menton na Roquebrune, ilikuwa imeasi tangu mwaka 1848. Charles alikubali kuiachia, na kwa mkataba huo alipoteza zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake. Alilipwa faranga milioni nne na Ufaransa ikamtambua kuwa mtawala huru.

Basi mwaka huohuo mmoja dola mbili ndogo za pwani zilikatwa kwa kisu cha wakubwa. Kila moja ilibaki na jina, na kila moja ilipaswa kutafuta chakula chake. Hapo ndipo njia zao zinapoachana.

Mtoni na Maruhubi

Ukitoka mjini Unguja kuelekea Bububu, upande wa bahari utapita kwanza magofu ya Maruhubi, kisha ya Mtoni. Mtoni ndilo kongwe. Sayyid Said alilijenga kati ya miaka ya 1828 na 1834, kabla hata hajahamia rasmi. Hapo ndipo alipozaliwa bintiye Salme mwaka 1844, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kutokana na maandishi yake tunajua ua wa Mtoni ulivyokuwa, na tausi, swala na mbuni wakitembea humo huku watoto wakiwafukuza.

Maruhubi ni kasri la Sultani Barghash, lililokamilika mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899. Leo zimebaki nguzo nene zilizokuwa zikibeba roshani, na mahali pa kuogea. Waongoza watalii hupenda sana kuhesabu masuria waliokaa hapo. Hesabu hiyo huwafurahisha wageni, lakini tungependa ihesabiwe na nyingine: mawe yaliyovunjwa baharini, boriti za mikoko zilizobebwa kwa mabega, tanuri za chokaa zilizochomwa usiku na mchana. Mawe hayo hayakujipanga yenyewe.

Aliyeyalipia alikuwa mkarafuu. Sayyid Said aliamuru karafuu ipandwe Unguja na Pemba, na kufikia katikati ya karne ya 19 visiwa hivi ndivyo vilivyouza sehemu kubwa ya karafuu duniani. Karafuu ina tabia moja ambayo kila Mpemba anaijua: ikiwa tayari haingoji. Lazima ichumwe kabla ua halijafunguka, kikonyo kwa kikonyo, kwa mkono, na watu wengi kwa wakati mmoja. Katika karne hiyo watu hao wengi walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, hasa kutoka upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipong'oa mikarafuu ya Unguja, ile ya Pemba ndiyo iliyoshika nafasi yake, na mikono iliyoichuma ilikuwa ya aina ileile.

Forodhani, au Wamarekani walivyoingia

Watalii huijua Forodhani kwa mishikaki na juisi ya miwa jioni. Jina lenyewe linasema kazi ya zamani ya mahali hapo, kwamba ndipo ulipotozwa ushuru. Sultani hakuukusanya mwenyewe. Aliukodisha, na kwa miaka mingi aliyeushika alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, na nyumba yake. Pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na watu, vyote vilipita mkononi mwa forodha, na kila kimoja kiliacha kitu.

Sisi tulio Marekani tuna sababu ya kusimama hapa kidogo zaidi. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Marekani ikafungua ubalozi mdogo Unguja, ikiwatangulia Waingereza. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walichukua pembe na sandarusi, wakaleta kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kitambaa hicho kilipendwa hadi ndani kabisa ya bara, na mpaka leo mafundi cherehani wetu hukiita merikani. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ililimwa Kusini mwa Marekani, na waliolima walikuwa watumwa. Kitambaa kilichofumwa kwa jasho la mtumwa upande mmoja wa dunia kilitumika kama fedha upande wa pili, mahali ambapo watu nao waliuzwa. Neno moja la Kiswahili limebeba safari yote hiyo, na sisi tumelitumia kwa kuulizia bei ya shuka.

Beit al-Ajaib

Sultani Barghash alitawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Alizuru Uingereza mwaka 1875 na kukutana na Malkia Victoria. Alileta maji ya bomba mjini, akajenga hamamu ya watu wote pale Hamamni, akanunua meli za moshi, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib mbele ya bandari ili kila nahodha aione kabla hajatia nanga. Ina nguzo za chuma, roshani zilizozunguka pande zote na milango iliyonakshiwa. Jengo hilo lilikuja kuwa la kwanza Zanzibar kupata umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Kweli lilikuwa la ajabu.

Lakini tazama tarehe. Miaka mitatu tu baada ya jengo kukamilika, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikaa pamoja zikaamua wenyewe Sultani anamiliki nini bara. Zilimwachia ukanda wa maili kumi kutoka baharini, pamoja na bandari chache za kaskazini. Wahenga wetu walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa fahali hawakupigana hata kidogo. Walipatana, na nyasi zikaumia vilevile. Barghash hakuitwa kwenye kikao.

Mwaka 1890 mambo yalikwisha. Uingereza iliifanya Zanzibar kuwa nchi iliyo chini ya himaya yake, na Ujerumani ikaununua ukanda wa pwani ya Tanganyika kutoka kwa Sultani kwa maki milioni nne. Milioni nne tena! Monaco ilipokea milioni nne za faranga kwa ardhi iliyokwisha kuipoteza, na Zanzibar milioni nne za maki kwa pwani ambayo biashara yake yote iliitegemea. Ile ya kwanza ilikuwa bei ya mwanzo mpya, na hii ya pili ilikuwa bei ya kufunga duka.

Monaco ilifanyaje na umaskini wake? Mwaka 1863 Charles alimkabidhi kasino mtu mjanja aitwaye François Blanc. Mwaka 1866 kilima cha kasino kikapewa jina la Monte Carlo, mwaka 1868 reli ikafika, na mwaka 1869 mtawala akafuta kodi ya mapato. Wenyeji walikatazwa kucheza kamari humo, maana waliotakiwa kuliwa ni wageni. Kwa hiyo matajiri wa Paris, London na Saint Petersburg wakawa wenyewe na haja ya kuona Monaco inadumu. Kasri la Monaco lililindwa na watu waliopenda kustarehe jirani yake. Beit al-Ajaib haikuwa na walinzi wa namna hiyo. Wakubwa waliokuja Unguja walitaka bandari, na bandari inaweza kuchukuliwa bila kumbakiza mwenye nyumba.

Dakika 38

Pembeni ya Beit al-Ajaib, palipo wazi leo, palikuwa na kasri jingine liitwalo Beit al-Hukm. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia kasrini bila idhini ya Waingereza. Alipewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera. Hakuteremsha. Manowari za Kiingereza zilianza kupiga mizinga dakika chache baada ya saa hiyo, na kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha. Vitabu vingi huandika dakika 38, vingine 45. Beit al-Hukm ilibomoka, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini, na watu wapatao 500 wa upande wa kasri wakauawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Vita hivi huwekwa kwenye orodha za mambo ya kuchekesha, kwamba ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani. Tumeviona hivyo hata kwenye maswali ya chemshabongo. Watu 500 ni wengi kuliko wanafunzi wote wanaosoma Kiswahili katika chuo hiki. Ukisimama pale, usicheke haraka.

Mkunazini na mji wetu

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, baada ya Waingereza kumbana Barghash kwa manowari zilezile. Mahali pake pamejengwa kanisa kuu la Kianglikana, Mkunazini, na nje yake kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa kwa minyororo, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Mashambani uliendelea kutambuliwa kisheria hadi mwaka 1897.

Sisi tunaoishi Sugar Land hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Mji wetu una jina tamu, maziwa ya kuchimbwa na nyumba za bei kubwa, na jengo la zamani la kiwanda cha Imperial bado linaonekana kutoka barabarani. Sukari hiyo ilianza kwenye mashamba ya watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku, ilitafutwa njia nyingine. Mwaka 1878 wenye mashamba wawili, Cunningham na Ellis, walikodishiwa wafungwa wa jimbo la Texas, wengi wao Weusi, wakawafanyisha kazi kwenye miwa. Mwezi Februari 2018 mafundi waliokuwa wakijenga shule mjini hapa walifukua mifupa. Ilipohesabiwa, walikuwa watu 95. Mzee Reginald Moore, aliyewahi kuwa askari magereza, alikuwa ametoa tahadhari kwa miaka mingi kwamba pale pana makaburi, na hakusikilizwa. Watu hao wamezikwa upya palepale, na leo tunawaita wale 95 wa Sugar Land.

Hatusemi kwamba Unguja na Sugar Land ni kitu kimoja. Tunasema jambo dogo zaidi: mahali pakipendeza sana, ardhi iliyo chini ina haki ya kuulizwa.

Mwaka 1963

Mwezi Oktoba 1962 Rais de Gaulle, akiudhiwa na Wafaransa waliokimbilia Monaco kukwepa kodi, aliweka maafisa wa forodha mpakani. Monaco, yenye mtawala maarufu na mkewe Grace Kelly aliyekuwa nyota wa sinema, ilijikuta haina ubavu. Mwenye nguvu mpishe. Mwaka 1963 ilitia saini mkataba mpya, Wafaransa waishio humo wakatozwa kodi na Ufaransa, na maisha yakaendelea.

Mwaka huohuo wa 1963 Zanzibar ilipata uhuru, tarehe 10 Desemba, ikiwa na Sultani Jamshid kwenye kiti. Mwezi Julai ulikuwa umefanyika uchaguzi. Chama cha Afro-Shirazi kilipata kama asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na wapinzani wake. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Jamshid aliondoka kwa meli. Maelfu ya watu waliuawa na wengi wakakimbia. Tarehe 26 Aprili Zanzibar iliungana na Tanganyika.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kubwa kuliko zote. Hata leo makumi ya maelfu ya wanaofanya kazi Monaco huvuka mpaka asubuhi na kurudi Ufaransa au Italia jioni. Wahudumu, wapishi na wajenzi wa fahari ile hulala nchi nyingine na hupiga kura nchi nyingine. Wachumaji wa karafuu walilala hapohapo shambani. Wajukuu wao walizaliwa Unguja na Pemba, wakasoma huko, wakapiga kura huko. Deni la kasri halikuwa na mpaka wa kuvuka, na siku ya kudaiwa lilidaiwa ndani ya nyumba. Wengi waliolipa siku hiyo hawakuwahi kuishi kasrini. Walikuwa wenye maduka, wavuvi, watoto.

Tunaandika hivi tukijua tunawaandikia nani. Ndani ya chama chetu wamo ambao nyumbani kwao siku ile huitwa Mapinduzi Matukufu, na wamo ambao nyumbani kwao hutajwa kwa sauti ya chini, au haitajwi kabisa. Wote wawili hukaa meza moja Ijumaa na kusahihishana ngeli. Hatudhani makala moja itawapatanisha babu zao. Lakini tunadhani inawezekana kusema kwa wakati mmoja kwamba kasri lilijengwa kwa dhuluma, na kwamba kumwua jirani hakulipi dhuluma hiyo. Anayelazimika kuchagua sentensi moja tu kati ya hizo mbili ameshapoteza nusu ya historia yake.

Kabla hamjapanda ndege

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka wakati wa ukarabati uliogharimiwa na Omani, na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo swali la nani aruhusu na nani alipe limerudi, safari hii kuhusu ukarabati. Anayetoa fedha za chokaa huwa na neno pia kuhusu kibao kitakachobandikwa mlangoni. Tungependa kibao hicho kimtaje Barghash na maji yake ya bomba, maana alistahili. Na mstari unaofuata uwataje waliochuma karafuu iliyolipia nguzo.

Wanachama watakaokwenda Unguja kiangazi hiki tunawaomba jambo moja. Mkifika Mtoni, Maruhubi, Forodhani na Mkunazini, mwulizeni mwongozaji yale maswali mawili, kwa Kiswahili, kwa adabu, mkianza na shikamoo kama ni mtu mzima. Andikeni atakavyojibu, hasa akijibu tofauti na haya tuliyoandika hapa. Mkirudi, majibu yaletwe kwenye mkutano wa kwanza wa muhula. Chai ya tangawizi na mahamri vitakuwepo.